Mnafuta ukimbizi wa Hannah Arendt, kisha mnadai mmemwelewa

Waungwana, nimechoshwa na namna Arendt, mwanafalsafa wa siasa, Myahudi wa Ujerumani, anavyofundishwa katika kozi zetu za falsafa ya siasa. Majuzi mhadhiri mmoja, ambaye sitamtaja, alitumia kipindi kizima kuichambua "haki ya kuwa na haki", yaani wazo lake kwamba kabla ya haki nyingine zote mtu anahitaji kuwa mwanachama wa jamii inayomtambua, kama fumbo la mantiki, bila kugusa hata kwa sentensi moja maisha yaliyolizaa wazo hilo.

Mwanamke huyu alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mjini Berlin mwaka 1933 kwa kukusanya maktabani ushahidi wa chuki dhidi ya Wayahudi. Alipoachiwa alitoroka nchi bila hati za kusafiria, akafika Paris, ambako alifanya kazi ya kuwasaidia vijana wa Kiyahudi kuhamia Palestina. Ujerumani ikamvua uraia; halafu mwaka 1940 Ufaransa ikamfungia katika kambi ya Gurs kwa kosa la kuwa Mjerumani! Uraia aliokwisha kunyang'anywa ndio uliompeleka kizuizini. Basi anapoandika mwaka 1951 kwamba haki za binadamu humponyoka mtu pale pale anapobaki binadamu mtupu, asiye na dola ya kumtambua, mnathubutuje kusema anacheza na dhana? Uraia wa Marekani wenyewe aliupata mwaka huohuo, baada ya miaka 18 tangu akimbie kwao.

Wapo wanaojibu kwamba wao wanaizingatia sana historia yake, kumbe wanachokizingatia ni uhusiano wake wa kimapenzi na Heidegger, mwanafalsafa aliyekuwa mwalimu wake. Huo ni umbeya uliovalishwa joho.

Wala sidai kwamba historia inamsafisha. Mwaka 1959, katika insha yake kuhusu Little Rock, mji wa kusini mwa Marekani, alipinga serikali kulazimisha shule zichanganye watoto weusi na weupe, na kwa maoni yangu aliwapima Wamarekani weusi kwa kipimo cha Wayahudi wa Ulaya waliohangaika kukubaliwa na watu wasiowataka. Katika kurasa zake kuhusu Makaburu, Mwafrika anaonekana kwa macho ya mlowezi, kama mtu asiye na historia. Hayo nayo yalirukwa darasani, labda kwa sababu yangetulazimu kuuliza alitoka wapi, na kwa nini aliyeuona vizuri hivyo unyonge wa mkimbizi hakuuona wetu.

Insha yake ya mwaka 1943 kuhusu wakimbizi haimo hata kwenye orodha ya usomaji. Nani aliyeiondoa, na kwa hoja gani?