Bustani ya kuku kujilisha: vipande vya zamu, fremu za wavu au vichaka?

MfugajiChipukizi
Wakuu, nina kuku wachache wa mayai nyuma ya nyumba, na uwanja wao umebaki vumbi tupu. Nataka kupanda majani wajilishe wenyewe. Nawaza njia tatu: kugawa eneo vipande na kuwahamisha kwa zamu, kupanda chini ya fremu zilizofunikwa wavu wa waya, au kupanda miti na vichaka. Ipi inadumu?

BiMtetea
Kabla hujachagua mmea, angalia miguu ya kuku. Mdomo hukata jani nalo huchipua tena, lakini ukucha hufukua mzizi na mmea ndio umekwisha. Ndiyo maana mimi nasimama na fremu. Unga mbao kama sanduku lisilo na kitako, kimo sentimita 15 hadi 20, upigilie wavu juu. Ndani mwaga mchicha, kunde, ulezi. Majani yakichungulia nje ya matundu, kuku wanapanda juu na kudonoa ncha tu. Wavu ukaze kwelikweli na uuwekee ubao wa katikati, maana ukilegea unabonyea mpaka kwenye miche, na kuku anaweza kunasa kidole.

KijaniKibichi
Kwa mwenye nafasi, zamu inazishinda zote. Unawatoa kabla udongo haujaanza kuonekana, unawarudisha nyasi zikifika sentimita 10 hivi. Na minyoo inakufa eneo likipumzika.

BiMtetea
Hapo kwenye minyoo, ndugu yangu, tuwe waangalifu. Mayai ya minyoo ya kuku hukaa hai udongoni miezi mingi, hasa penye unyevu na kivuli. Wiki chache za kupumzika hazitoshi. Zamu inapunguza msongamano wa kinyesi, na hilo ni jambo kubwa, lakini si dawa ya minyoo. Tena kwenye uwanja mdogo kila kipande kinakuwa kidogo mno, kuku wanakimaliza kabla kile kingine hakijapona.

KijaniKibichi
Sawa dada, hilo nakubali. Kwa uwanja mdogo sibishi.

FunduBanda
Mnasahau vichaka, na kuku asili yake ni ndege wa chini ya miti. Hapendi kukaa wazi, mwewe anamtisha. Mpe mforosadi, mbaazi, mlonge, atashinda humo akichakura majani makavu na kula wadudu. Forosadi zikiiva zinadondoka zenyewe. Mlonge uukate ukifika kama mita moja utoe matawi mengi ya chini. Majani yake yakikaushwa, takriban robo ya uzito ni protini. Miche michanga izungushie mawe makubwa shinani, yaliyobanana, vinginevyo itafukuliwa yote.

Usipande kila kijani, tafadhali. Mparachichi na mbarika viwe mbali. Majani ya nyanya na viazi mviringo hapana, ya muhogo mabichi hapana. Lukina, ule mti wa malisho ya mifugo, nayo ina sumu, kuku haifai kulishwa kwa wingi.

MfugajiChipukizi
Asanteni sana. Bustani ikishika, naweza kuacha chakula cha madukani?

BiMtetea
Hapana, mwanangu. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hivi na madini mengi ya kalisi ya kujengea ganda la yai, na majani mabichi sehemu kubwa ni maji. Atajaza gole, yaani kile kifuko cha chakula shingoni, lakini mayai yatapungua. Bustani itakupa kiini cha manjano iliyokolea na kuku wenye shughuli, wasiodonoana. Mchicha pia usiwe peke yake, una oksaleti inayozuia kalisi isitumike mwilini. Changarawe ndogo ziwepo za kumsagia chakula tumboni, na nyasi ndefu ngumu zikate fupi, zinaweza kukwama kwenye gole.

MfugajiChipukizi
Basi nachukua fremu, na miforosadi kwenye ua. Nianze na ipi?

FunduBanda
Miti kwanza, inachelewa. Fremu hata ukizipanda baadaye zitawahi. Ila mbegu zikiota usiwe na haraka ya kuwafungulia. Shika mche uuvute kidogo: ukija na mzizi, bado, jani likikatikia mkononi, wafungulie.