AC za nyumba ya pwani: stabilaiza, gadi na kuosha, au kupaka koili dawa?

Mkaazi_Kunduchi
Wakuu, habari za jioni. Nyumba iko Kunduchi, kama mita 400 kutoka baharini. Kuna AC mbili za ukutani za BTU 12,000, zote za gesi ya kupozea ya R410A: ya sebuleni ni ya kawaida (inawaka na kuzima), ya chumbani ni inveta (inabadili kasi yake yenyewe). Fedha iliyopo inatosha jambo moja kwa sasa: stabilaiza (ya kusawazisha volti) kwa kila AC, au gadi (ya kukata umeme ukiwa mbaya) pamoja na utaratibu wa kuosha, au kupaka koili za nje dawa ya kuzuia kutu. Lipi litangulie?

FundiBaridi
Mkuu, la pili, bila kusita. Kwa umbali huo adui wa kwanza ni chumvi, umeme unafuata.

Koili ya nje ni mabomba ya shaba yaliyopenya kwenye mapezi ya alumini. Chumvi ikitua hapo na kushika unyevu, metali hizo mbili zinakuwa kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Chungulia kwa tochi pale pezi linapokumbatia bomba: ukiona unga mweupe, kazi imeshaanza. Ikifika mbali, ukigusa kwa kidole pezi linamomonyoka kama biskuti. Pezi likishaachana na bomba joto halina pa kutokea, presha ya gesi inayotoka kwenye kompresa (pampu ya gesi) inapanda, kompresa inachemka na kujizima, mwisho inaungua. Hapo wengi wanasema "gesi imepungua" wanaongeza, na presha inazidi kupanda.

Namna ya kuosha: zima AC, kisha shusha na swichi kuu yake, subiri dakika 10. Fungua kifuniko cha juu, funika sehemu ya umeme kwa nailoni. Mwagia maji baridi ya mpira wa bustani kutoka ndani kwenda nje, ukianzia juu. Ukimwagia kwa nje tu unasukumia uchafu katikati ya koili. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze hapo, inalaza mapezi na hewa haipiti tena. Kama kuna mafuta ya jikoni, tumia sabuni ya maji ya vyombo, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5, kisha suuza sana. Dawa kali za tindikali zinang'arisha siku hiyo tu, alumini inaendelea kuliwa.

Yuniti inayotazama bahari, kila wiki 2. Iliyojificha nyuma ya nyumba, mara moja kwa mwezi.

WayaTatu
Naunga mkono, ila upande wa umeme usichague kabla ya kupima. Gadi na stabilaiza hazifanyi kazi moja.

Gadi hairekebishi umeme. Inakata ukishuka au ukipanda kupita kiwango, kisha inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kusubiri huko ndiko kunakookoa AC ya kawaida. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, presha za gesi inayoingia na inayotoka kwenye kompresa bado hazijasawazika. Kompresa inajaribu kuwaka ikiwa imebanwa, inavuta ampea mara kadhaa ya kawaida, na waya za ndani zinaungua. Dakika 3 kwa kawaida zinatosha.

Stabilaiza inanyanyua au kushusha volti. Ina maana kama umeme wako unakaa chini kwa masaa, kwa sababu hapo gadi itakata tu na mtalala na joto.

Chukua mita, pima kwenye waya wa AC ikiwa imewaka, saa 1 hadi saa 4 usiku, siku 7 mfululizo. Ikikaa kati ya volti 207 na 253, gadi inatosha. Ikilala kwenye 180 au 190 kila jioni, nunua stabilaiza ya AC ya sebuleni, isipungue kVA 4. Ndogo zitakata kila kompresa inapoanza.

Inveta inaanza taratibu na nyingi zinavumilia volti za chini. Kinachoiua ni mpigo wa umeme kwenye bodi yake, kwa hiyo hakikisha waya wa ardhi upo kweli na weka kizuia mipigo ya umeme kwenye bodi kuu ya nyumba.

Na tafadhali, gadi iwe ya AC, ampea 20. Ya friji itaunguza viunganishi vyake.

BiNyali
Kuhusu dawa ya koili, wapo wanaoikataa kabisa; mimi sikubaliani nao. Kwa AC mpya, kabla haijapigwa na upepo wa bahari, inasaidia. Kwa hizi zilizokwisha kukaa nje, ukipaka juu ya chumvi unaifungia humo humo na inaendelea kula chini ya rangi. Mapezi ya buluu, yaliyopakwa dawa kiwandani, ni mazuri, lakini nayo yanaoshwa.

Kama ukuta unaruhusu, kuhamisha yuniti kuna faida kuliko dawa. Kusi na kaskazi zote kwetu zinaingia na hewa ya bahari. Upande wa nyuma wa nyumba unapata chumvi kidogo zaidi. Wacha nafasi nyuma yake, na mbele pasiwe na ukuta wa karibu.

Mkaazi_Kunduchi
Shukrani. Je, kuongeza gesi kila mwaka ni kawaida?

FundiBaridi
Hapana mkuu. Mfumo umefungwa, gesi haitumiki kama petroli. Ikipungua kuna tundu, mara nyingi kwenye nati za shaba. Fundi ajaze naitrojeni, apake povu la sabuni, azibe, kisha avute kwa pampu ya vakyumu angalau dakika 30, afunge na kuangalia kama mshale unarudi. Akisafisha mabomba kwa kupuliza gesi tu, unyevu unabaki na kugeuza mafuta ya kompresa kuwa tindikali. R410A inapimwa kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, na inaingia ikiwa kimiminika.

Mkaazi_Kunduchi
Nimeelewa. Tatizo moja: maji ya hapa ni ya kisima, yana chumvi.

FundiBaridi
Basi hayo usiyatumie hata siku moja. Kinga maji ya mvua, au nunua ya boza. Pampu mpya ya mgongoni ya kupulizia dawa shambani inatosha: lita 10 kwa kila yuniti, mdomo wake ukiwa kwenye mnyunyizo mpana. Pampu iliyowahi kubeba dawa ya magugu iache huko huko shambani.