Parsa ya lugha iachwe wazi watumiaji waongeze sintaksi yao?

Mleta mada:
Habari za mchana wakuu, naombeni mawazo, hapa nimekwama karibu wiki mbili. Naandika kalugha kadogo ka kompyuta ka kuandikia kanuni za vikoba, yani riba, faini za kuchelewa, mgao wa mwisho wa mwaka, parsa (sehemu inayosoma maandishi na kuyachambua kufuata sintaksi, yani kanuni za uandishi wa lugha) nimeiandika kwa mkono na inapiga kazi vizuri tu. Shida kila kikundi kina misemo yake, na kila siku natumiwa meseji niongeze neno jipya, nimechoka. Nawaza niiache parsa wazi, mtu aongeze maneno na opereta zake (alama au maneno ya kuunganisha vitu, kama +) bila kunisubiri. Ila roho inasita. Mliowahi kupita huko ilikuwaje?

Mchangiaji 1:
Mkuu usithubutu. Angalia lugha ya Perl. Ukiandika kiasi / 25, kama kiasi ni fanksheni isiyopokea kitu hapo ni kugawanya, kama inapokea basi ile mkwaju inaanza regeksi (kiolezo cha kutafutia maandishi) na inameza kila kitu mpaka ikutane na mkwaju mwingine! Na kujua ni ipi inabidi kwanza kodi (msimbo wa programu) ya juu iendeshwe, kwahiyo edita yako, yani programu ya kuandikia kodi, inabaki kubahatisha. Wa lugha ya Python walishalikataa hili mapema, PEP 3099 (waraka wao wa maamuzi) ya 2006 imesema wazi Python 3 haitakuwa na sintaksi ya mtumiaji kujipangia. Hiyohiyo ilisema parsa haitazidi LL(1), yani aina rahisi inayoamua kwa kuangalia neno moja tu mbele, na hilo walikuja kulibadili, toleo la 3.9 mwaka 2020 likaja na parsa ya PEG, aina yenye uwezo zaidi, lakini mlango wa watumiaji wameuacha umefungwa. Mimi naona walikuwa sahihi kabisa.

Mchangiaji 2:
Sikubaliani na mdau hapo juu, umemtisha mwenzio kwa mfano mbaya kuliko yote. Lugha ya Prolog ina kitu hiki miaka mingi na watu wanaishi nacho. Unaandika

:- op(700, xfx, anamdai).

(700 ni namba ya kipaumbele, xfx maana yake neno linakaa katikati ya vitu viwili) halafu chini yake unaandika

juma anamdai asha.

na inasomeka, ndani ni anamdai(juma, asha) ya kawaida tu. Kiswahili kitupu kabisa, mweka hazina wa kikundi anaisoma bila kufundishwa! Kwa kazi ya vikoba hii ni dhahabu. Angalizo ni moja, ukiufuta ule mstari wa op au ukiusahau ukihamisha faili, sentensi zote zilizoutegemea zinakuwa makosa ya sintaksi, na ujumbe wa kosa haukwambii moja kwa moja kwamba ni ule mstari wa op uliokosekana.

Mchangiaji 3:
Wote mna hoja ila swali la msingi ni je, asiyeijua hiyo sintaksi mpya anaweza kuona inaanzia wapi na inaishia wapi? Wa lugha ya Rust wameliweka vizuri, makro (kipande kinachozalisha kodi nyingine) ya kuitwa kama fanksheni lazima iwe na alama ya mshangao kama println!, na kinachoingia ndani lazima mabano yake yafungane, kwahiyo hata kama edita haielewi cha ndani inajua pa kuruka. Hata hivyo zile makro za kiprosija (procedural macros) ni programu kamili zinazoendeshwa wakati wa kukompaili, yani kodi inapotafsiriwa iwe programu, na rust-analyzer, chombo kinachoisaidia edita kuelewa Rust, nayo inabidi iziendeshe ndo ielewe kodi yako, si bure hata kidogo.

Mleta mada:
Asanteni sana wakuu, mmenifungua. Naenda na opereta tu, sio parsa nzima, na lazima zitangazwe juu ya faili hilohilo, neno lisilotangazwa parsa inalitaja kwa jina na namba ya mstari. Mnaonaje kuhusu kipaumbele, yani opereta ipi ishike kwanza, niwape namba kama Prolog?

Mchangiaji 2:
Namba hapana, Prolog zinafika mpaka 1200 na mhasibu wa kikundi hatajua 700 imetoka wapi. Fanya kama lugha ya Swift, unaunda makundi yenye majina halafu unasema kundi hili liko juu ya lile. Aandike "kabla ya kujumlisha" yaishe.