Je, kuona kwenye kompyuta ni kuthibitisha?

Mwalimu wa Kidato cha Pili:
Ndugu zangu, tangu nianze kufundisha jiometri kwa GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchorea maumbo, wanafunzi wangu huchora pembetatu ndani ya nusu duara, huivuta ncha yake huku na huku, na kuona kwamba pembe inayokikabili kipenyo inabaki nyuzi 90 daima. Wanalifurahia somo kuliko nilivyowahi kuona. Lakini nikiwataka wathibitishe, wananiuliza: tumeshaona, tuthibitishe nini tena? Niwajibuje?

Bikari:
Mwalimu, usiwazuie kuvuta, kwani ndiko kunakozaa udadisi. Waeleze tu kwamba skrini hukadiria: pembe ya nyuzi 89.9999 nayo inaweza kuandikwa 90. Kisha waiunganishe ncha ile na kitovu cha duara. Zitapatikana pembetatu mbili, kila moja ikiwa na pande mbili sawa, hivyo pembe mbili za chini zinajirudia pale juu. Na kwa kuwa pembe zote za pembetatu kubwa kwa pamoja ni nyuzi 180, ile ya juu haina budi kuwa nusu yake. Hapo watajua sababu, jambo ambalo kuvuta hakukuwapa.

Msomaji wa Hisabati:
Naafiki, ila kompyuta haikuishia kwenye kuonyesha. Mwaka 1611 mwanahisabati Kepler alidai kwamba matufe yaliyo sawa hayawezi kubanana kuliko yanavyobanana machungwa yaliyopangwa sokoni, ambayo hujaza takriban asilimia 74 ya nafasi. Mwanahisabati Thomas Hales alitoa uthibitisho wa dai hilo mwaka 1998, lakini sehemu kubwa ilikuwa hesabu za kompyuta, na wahakiki 12, baada ya miaka ya kazi, walisema wana uhakika wa asilimia 99 tu. Hales hakuridhika. Alianzisha mradi wa Flyspeck, na mwaka 2014 kila hatua ya hoja ikawa imekaguliwa na programu.

Mwalimu wa Kidato cha Pili:
Nashukuru sana. Je, programu hiyo yenyewe hukaguliwa na nani?

Msomaji wa Hisabati:
Na watu, Mwalimu. Programu za aina hiyo hujengwa juu ya kiini kidogo chenye kanuni chache za mantiki, na kila hatua, hata uthibitisho uwe mrefu namna gani, lazima ipitie humo. Kiini hicho ni kifupi kiasi kwamba mtu anaweza kukisoma chote kwa macho yake.