Shule siku nne kwa wiki, Dar tunaweza?

Mtoro_Mstaafu
Wakuu, swali hili linanijia kila nikimwona wa kwangu anasinzia juu ya daftari la hesabu. Jumatatu hadi Ijumaa shule, Jumamosi rimidio, na akifika la saba au kidato cha nne hata likizo ataisikia kwa jirani. Anaamka saa kumi usiku kwa sababu gari la shule linaanza kuzunguka mapema, anarudi giza limeingia. Kwa nini Ijumaa isiwe ya nyumbani? Dubai wameshafanya, tangu 2022 kama sikosei. Marekani ndiyo usiseme: Colorado, Missouri, Oregon, wilaya kibao za vijijini wanasoma siku nne. Mtoto atalala, mzazi atapumua nauli na hela ya kula, mwalimu atapata siku ya kusahihisha. Hasara zipo, wadogo watabaki na nani na kadhalika. Tuongee.

Halafu kuna faida ya pembeni: daladala zitakaa sawa. Angalau siku moja kwa wiki mtu mzima apande Kosta bila kusukumwa na begi la denti.

MamaShamim
Nilikuwa nakuitikia mpaka hapo kwenye begi. Wa kwako anafuatwa mlangoni na gari la shule, sasa begi la wangu limekukosea nini? Asubuhi wanasimama kituoni Zakhem kama kuku wa mnada, konda anawapungia mkono "nimejaa, nimejaa" na siti tunaziona. Wangu yuko la tano. Akifika kipindi cha pili anachapwa, eti mchelewaji. Mchelewaji ni konda!

Abu_Salma
Salaam alaykum. Kurekebisha kidogo: iliyo na siku nne kamili ni Sharjah, ndiyo ninapoishi, tangu Januari 2022. Dubai ni siku nne na nusu, Ijumaa watoto wanatoka kabla ya sala. Sasa sikilizeni raha yake. Mke wangu anafanya kazi Dubai, Ijumaa asubuhi yuko ofisini. Mimi nina zamu. Watoto wako nyumbani. Siku hiyo ya mapumziko sisi tunamlipa mtu. Skuli imepunguza siku, waajiri hawakupunguza.

Mtoro_Mstaafu
Sharjah, Dubai, si kule kule tu. Mama Shamim, gari la shule nalilipia kwa jasho, sikupewa na mtu.

Suka_Rangi3
Mnatutaja sana, ngoja niseme. Naendesha Rangi Tatu–Tandika. Mtu mzima njia fupi 600, mwanafunzi 200. Nikipakia madenti kumi nimeshaacha 4,000 kwenye tripu moja, na ile saa ya asubuhi ndiyo saa ya hela. Tajiri anataka hesabu yake jioni, hajawahi kuniambia "leo punguza, ulibeba watoto wa watu." Sheli nao hawaniulizi nimebeba nani. Nyie mnaongelea roho mbaya, mimi naongelea mafuta.

MamaShamim
Roho mbaya ndiyo hiyo hiyo, umeipigia hesabu tu.

Mwl_Chaki
Jamani, tuweke hesabu mezani. Kalenda yetu ina siku 194 za masomo. Toa siku moja kila wiki, umetoa kama 39. Silabasi inabaki pale pale, NECTA hawakupunguzii mada. Shule nyingi za hapa mjini tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 zimejaa mpaka tunaingiza kwa zamu mbili: wa asubuhi wanatoka saa sita, wa mchana wanaingia kwenye madawati yakiwa bado ya moto. Huyo mtoto wa zamu tayari anasoma nusu siku. Ukimtoa na Ijumaa, umemwachia nini? Hii hoja ya siku nne ni ya shule zinazokaa na watoto kutwa nzima. Na huo muda wa kusahihisha tunaoonewa huruma, asanteni, ila darasa langu wamezidi mia. Ijumaa moja haitoshi hata kuyapanga madaftari.

Kiti_cha_Nyuma
Mwalimu anaogopa Ijumaa ikifutwa na tuisheni yake ya Ijumaa jioni itakufa.

Mwl_Chaki
Sifundishi tuisheni. Nafuga kuku. Njoo ununue trei la mayai, uache umbea.

Kiti_cha_Nyuma
Trei bei gani?

Mwl_Chaki
Kwako mara mbili.

Dada_Missouri
Nacheka hapa. Lakini wacha niwaambie, maana Missouri imetajwa na mimi ndiyo kwangu. Watu hawakuanza siku nne ili watoto walale. Zamani ilikuwa kubana matumizi, na wala haibani kiasi hicho kwa sababu gharama kubwa ni mishahara, na mishahara hailali Ijumaa. Siku hizi ni kutafuta walimu. Wilaya ya Independence, jirani na Kansas City, ilianza 2023, na wao siku iliyofungwa ni Jumatatu. Wilaya isiyo na hela ya kuongeza mshahara inampa mwalimu siku. Wazazi wa mijini walilalamika mpaka mwaka 2024 ikapita sheria ya jimbo kwamba wilaya kubwa lazima kwanza ziwaulize wapiga kura. Na kuna watoto ambao chai na chakula cha mchana cha uhakika ni cha shuleni, ile siku ya tano lazima mtu afikirie watakula nini.

Suka_Rangi3
Dada, huko basi la njano linamfuata mtoto mpaka kwao na serikali inalipa. Leta hilo basi Mbagala halafu tuongee siku nne, siku saba, zozote.

Dada_Missouri
Sasa hilo ndilo ulilolisoma peke yake?

Suka_Rangi3
Ndilo lenye mafuta ndani.

Mama_Wawili_Kimara
Mimi swali langu ni la mabinti. Mnakumbuka Uganda? Corona iliwafungia shule Machi 2020 wakaja kufungua vizuri Januari 2022. Waulizeni walimu wa kule wangapi hawakurudi na wangapi walirudi na tumbo. Hapo hapakuwa na Ijumaa moja, najua, lakini mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchukua mzigo Kariakoo. Binti wa miaka kumi na nne kutwa peke yake nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita? Hapana. Bora asinzie darasani.

Mtoro_Mstaafu
Ndiyo maana nikasema hasara zipo. Ila tusitishane, Ijumaa moja si corona.

Mama_Wawili_Kimara
Wewe mwenye geti na dada wa kazi huwezi kutishika.

Mtoro_Mstaafu
Hapa kila mtu ameamua mimi ni tajiri. Gari la shule ni Hiace inayovuja, watoto wanapakatana!

Kiti_cha_Nyuma
Kumbe naye anabebwa kama begi la denti 😂

Mwl_Chaki
Kama shida ni usingizi, tuanzie kwenye kengele badala ya siku. Nani alisema mtoto wa darasa la pili awe mstarini saa moja kasoro? Zile za kuwahi namba, wa mwisho anafagia choo, ndizo zinazowatoa watoto gizani. Sogezeni saa, wiki muiache ilivyo.

Suka_Rangi3
Hapo mwalimu nakupa siti. Madenti wakianza kupanda saa mbili na nusu watu wa ofisini wameshapita, gari linarudi tupu. Hata 200 nachukua kwa tabasamu.

MamaShamim
Saa mbili na nusu mimi nishatoka, nani atamvusha barabara ya Kilwa? Mnapanga kama vile watoto wana mzazi mmoja anayeshinda nyumbani.

Abu_Salma
Ndiyo niliyoyasema mwanzo, hakuna aliyenijibu.

Mtoro_Mstaafu
Wakuu, turudi kwenye mada. Siku nne: ndiyo au hapana?

MamaShamim
Suka, hiyo gari yako Zakhem inapita saa ngapi?

Suka_Rangi3
Tripu ya kwanza kumi na moja na nusu. Nyeupe, mstari wa njano, nyuma imeandikwa Mdogo Mdogo.

MamaShamim
Kesho simama. Wako watatu, wangu na wa jirani.

Suka_Rangi3
Wawili.

MamaShamim
Watatu, mmoja anapakatwa.

Mama_Wawili_Kimara
Na huku Kimara kuna suka anayesoma hapa?