Kuoanisha vituo vya afya vilivyokwisha kusajiliwa kati ya programu ya bohari ya dawa na DHIS2

Swali

Ndugu zangu, tunahamisha takwimu za akiba ya dawa kutoka programu yetu ya bohari kwenda DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya. Utaratibu uliowekwa unalinganisha vituo kwa jina, na jina lisipolingana herufi kwa herufi, kituo kipya kinasajiliwa. Hivyo “Zahanati ya Mbuyuni” na “Mbuyuni Zahanati” sasa ni vituo viwili, kila kimoja kina ripoti zake, na jumla ya wilaya haiaminiki tena. Nitumie kigezo gani kutambua kwamba kituo tayari kipo?

Jibu la kwanza

Ndugu, achana kabisa na jina. Hata ukisawazisha maandishi yote, akina Mbuyuni ni wengi Tanzania, kwa hiyo utaacha kosa la kukigawa kituo kimoja na kuingia katika kosa la kuchanganya vituo viwili tofauti, ambalo kwangu ni baya zaidi kwa sababu hakuna anayeliona. DHIS2 hukipa kila kituo kitambulisho chenye herufi na tarakimu 11, na ina pia sehemu ya msimbo ambayo hairuhusu vituo viwili kufanana. Jaza humo namba ya kituo iliyo katika rejesta ya vituo ya Wizara ya Afya, namba hiyohiyo iwepo kwenye programu ya bohari, kisha unapotuma takwimu weka orgUnitIdScheme=CODE, ili DHIS2 itambue kituo kwa msimbo huo.

Jibu la pili

Naunga mkono, ila kazi ya kwanza ya kujaza misimbo ifanywe na mtu anayevijua vituo vya wilaya hiyo. Baada ya hapo, rekodi isiyopata mwenzake isisajiliwe yenyewe. Iwekwe kando ikaguliwe. Tanguliza jaribio kwa kuweka dryRun=true, ambayo hukuonyesha migongano yote bila kuhifadhi chochote.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, vile vituo vilivyojirudia nivifute?

Jibu la pili

Hapana, kwa kuwa tayari vina ripoti. Tumia huduma ya kuunganisha vituo, organisationUnits/merge, inayohamishia takwimu kwenye kituo utakachokibakiza. Pale ambapo vyote viwili vina thamani ya mwezi uleule, chaguo la LAST_UPDATED katika huduma hiyo hubakiza iliyosasishwa mwisho, kwa hiyo linganisha kwanza na leja ya dawa ya kituo chenyewe.