Ufundishaji mzuri wa utotoni: unamjenga mtu au unayeyuka?

Kalamu Kavu: Tunaambiwa mtoto akifundishwa vizuri tangu chekechea atafaidika maisha yake yote. Mbona ule mradi wa chekechea wa Perry kule Michigan, Marekani, miaka ya 1960, watoto walipanda kwenye vipimo vya akili, kisha baada ya miaka michache wakawa sawa na wenzao? Kuwachezesha watoto asubuhi nzima kila mtu anaweza.

Mwalimu wa Awali: Kila mtu anaweza?! Njoo ushike darasa la watoto wa miaka minne kwa saa moja tu. Mtoto anapanga atakachofanya, anakifanya, halafu anawaeleza wenzake alichofanya. Huko huko Perry ndivyo walivyofundisha. Huo nao ni uchezeshaji?

Mzee Kobe: Mwalimu, punguza hasira. Sisi tulikaa kimya, tukanakili ubaoni, na tumekuwa watu.

Mwalimu wa Awali: Mmekuwa watu, mzee wangu, sikatai. Na wale wa viti vya nyuma walioacha shule, nani anawahesabu?

Mzee Kobe: Mimi nilikaa nyuma. Usinihesabie.

Darubini: Jamani, Perry. Watoto walikuwa 123, wengine walipata yale masomo, wengine hawakupata, wakafuatiliwa hadi umri wa miaka 40. Vipimo vya akili vilishuka, kweli. Lakini waliofundishwa walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, wakawa na kipato kizuri zaidi na kukamatwa na polisi mara chache.

Kalamu Kavu: Watoto 123 ni wachache mno. Na jimbo la Tennessee, huko huko Marekani, je? Matokeo ya 2022: waliopata nafasi kwenye chekechea za serikali walifika darasa la sita wakiwa nyuma ya waliokosa.

Darubini: Basi unanisaidia. Kumwandikisha mtoto si kumfundisha. Uliza mle darasani kulifanyika nini.

Mzee Kobe: Suala la kimya bado sijajibiwa.

Mwalimu wa Awali: Kimya cha kusikiliza nakitaka hata mimi. Cha woga sikitaki, kwa sababu mtoto anayeogopa kukosea haulizi, na asipouliza sijui alipokwama. Anapanda darasa na pengo lake, na kila mwaka linapanuka.

Mzee Kobe: Kwenye woga sikupingi. Hesabu naichukia hadi leo kwa ajili ya mwalimu mmoja. Ila darasa la kelele, hapana.

Mwalimu wa Awali: Nani kataja kelele?